Gari Linalonguruma Saa Saba za Usiku

Hapa Nyakabuye, taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi ya mtu mmoja, mgonjwa ni kijiji kizima. Tena mimi iliniwakia vibaya, Ijumaa jioni, kesho yake Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi yote tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja, tukizibua mitaro, kisha mkutano, na mkutano ukiisha watu hawarudi nyumbani kabla hawajapata cha kutazama. Wakanikuta chini ya mwembe, boneti wazi.

"Lina nini, mwalimu?" akauliza mzee mmoja ambaye hata baiskeli hajawahi kuwa nayo, lakini hakuna gari lililopita barabara hii bila yeye kulitolea maoni.

"Linavuja, mzee."

Wote wakainama kutazama uvunguni. Pakavu.

"Linavuja nini?"

"Mvuke."

Wakainuka polepole, wakatazamana. Nikawaonyesha simu. Kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kilikuwa kimesoma kompyuta ya gari na kuandika P0456, maana yake uvujaji mdogo sana katika mfumo wa kunasa mvuke wa petroli.

"Mdogo sana," mzee akarudia, akihesabu kwa vidole. "Wa mvuke. Wa petroli ambayo haijamwagika. Mwalimu, wewe shida nyingine zimekuishia?"

Swali lilikuwa la haki. Gari lilikuwa linawaka, linapanda, linashuka, halijanizimikia hata mara moja. Kilichokuwa kinauma ni ile taa. Taa ya injini haina adabu ya kusema ni jambo dogo. Inawaka ileile kwa kifuniko kilicholegea na kwa ugonjwa wa maana, na ikishawaka kwa hili, la pili likija hutajua. Halafu kuna siku ya kontrole tekiniki, yaani ukaguzi wa gari, ambako sikutaka kwenda kumweleza askari habari za mvuke.

Ili tuelewane: petroli haitulii. Ukiiacha ndani ya tanki inageuka mvuke, na joto letu hili la kuelekea bonde la Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda, linaichochea mchana kutwa. Magari ya zamani yaliuachia mvuke huo ujiendee zake. Kisha jiji la Los Angeles likaanza kufunikwa na ukungu wa kuwasha macho, na mtu aliyegundua unatoka wapi hakuwa fundi magari hata kidogo. Alikuwa mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliweka mananasi kando, akaonyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari vikichomwa na jua ndivyo vinavyopika ule ukungu. California ikawabana watengenezaji kuanzia magari ya 1970, Marekani yote ikafuata 1971: mvuke wa tanki upitishwe kwenye kopo lenye mkaa, mkaa uushike, na injini ikishawaka iuvute na kuuchoma. Kuanzia magari ya 1996 kompyuta ikalazimishwa kulinda kopo hilo na mabomba yake, ipige kelele ikiona tundu la milimita moja. Baadaye wakaona milimita moja ni uzembe, wakashusha hadi nusu.

Nusu milimita! Mimi ninaishi kwenye nyumba ambayo mjusi anaingia na kutoka mlango ukiwa umefungwa.

Sasa mtu atauliza sheria ya California imefikaje huku kwetu Rusizi. Imefika na usukani. Rwanda usukani uko kushoto, kwa hiyo hatuokoti kirahisi magari ya Japani kama wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa. Mengi yetu yameshatumika Ulaya au Marekani. Langu, Corolla, lilitumika Marekani. Aliyeniuzia Kigali aliapa kwamba halijawahi kuona vumbi. Nililiendesha mwenyewe kupitia Huye, nikalipandisha Nyungwe na kulishusha hadi huku, ambako lilifidia vumbi lote lililolikosa maishani.

Lakini kabla ya taa kulikuwa na kelele. Zamu wetu, yaani mlinzi wa usiku, kijana mwaminifu asiyelala (nadhani), aligonga dirisha langu usiku wa manane.

"Bosi, kwenye gari kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Sijamwona. Ila anakoroma."

Nikatoka na tochi. Gari limefungwa, ufunguo ninao mimi, na kweli kutoka nyuma chini kulikuwa na mngurumo mwembamba, wa kuendelea, kama friji ya butiki. Milango imefungwa, viti vitupu. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu msimu wa mavuno na hapitwi na kitu, akatoka na rozari. Alipofika fumbo la tatu mngurumo ukakata. Akafunga shali, akanitazama kwa namna ambayo mkwe hulazimika kusema asante, akarudi kulala. Kesho yake jumuiya yote ilikuwa na habari.

Ukweli niliupata kwenye kitabu cha matengenezo, na sina hakika kama unapendeza kuliko wa mama mkwe. Wahandisi wa Toyota waliweka pampu ndogo ya umeme pamoja na kopo la mkaa. Saa tano baada ya kuzima injini, mwenye gari akiwa usingizini, kompyuta inaamka peke yake na kuiwasha pampu. Kwanza inavuta hewa kupitia kitundu cha mfano, cha nusu milimita, ili ijue tundu la kiasi hicho lina nguvu gani. Kisha inauvuta mfumo mzima na kulinganisha. Ikikuta injini bado ina joto, inaahirisha hadi zitimie saa saba tangu kuzimwa. Bado, hadi saa tisa na nusu. Na ina masharti kuliko bibi harusi. Tanki lisijae kupita asilimia 90. Hewa isipungue nyuzi 4.4 wala isizidi 35. Mahali pasizidi kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, yaani ukiegesha juu kabisa Nyungwe halikupimi, linakusamehe. Mimi ninazima gari saa mbili usiku. Saa tano baadaye ni saa saba, muda ambao zamu anaona kila kitu.

Nilimweleza. Akasikiliza kwa heshima yote. "Sawa bosi. Kwa hiyo linajipima lenyewe, usiku, bila wewe kujua?" Ndiyo. "Na asubuhi linakushtaki." Ndiyo. Tangu hapo akawa anaegemea gari la jirani.

Turudi chini ya mwembe. Dawa zilikuwa nyingi. Mama mmoja muuza nyanya alishauri nilipeleke kwenye amashyuza, zile chemchemi zetu za maji moto, kwa kuwa zimeshaponya migongo na magoti ya watu wengi na hakuna aliyejaribu gari. Kijana aliyekaa sana Kamanyola, ng'ambo ya mpaka, alisema ni kifuniko cha tanki. Kule Kongo wanakaza na mfuko wa plastiki na taa inakoma. Kuhusu kifuniko hakukosea, ndicho mshukiwa wa kwanza duniani kote. Raba yake ikipasuka au usipokikaza kifuniko hadi kilie, kompyuta inalia badala yake. Ila mifuko ya plastiki Rwanda imepigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo ningetibu kosa la hewa ya California kwa kosa la mazingira la Kigali. Nilifuta raba kwa kitambaa, nikaitazama juani: nzima, laini, haina ufa. Nikakikaza kifuniko. Taa ikabaki palepale.

Mwingine akauliza kama si wadudu. Watu wakamcheka, na hapo nikamtetea, kwani mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari karibu 65,000 Amerika Kaskazini kwa sababu ya buibui. Buibui wa manjano alikuwa anapenda kuingia kwenye bomba la kupumulia la mfumo huuhuu na kufuma utando; tanki likikosa pumzi linaweza kupasuka. Mzee wa baiskeli akauliza buibui anafuata nini humo. Nikasema inadhaniwa ni harufu ya petroli. "Basi huyo anaishi vizuri kuliko Mrundi," akasema, na kwa siku zile, petroli ilivyokuwa adimu Burundi, hakuna aliyebisha.

Ukibaki na tundu usiloliona, dawa ni moshi. Garaji kubwa za Kigali zina mashine yake. Fundi wetu kutoka Bugarama alikuja na mkebe wa rangi ulio mtupu, plagi ya kupashia injini ya dizeli, pamba, mpira mrefu na tyubu ya tairi la lori. Akaomba mafuta ya mtoto. Mke wangu akatazama mkebe, akatazama chupa ya mafuta ya mtoto wetu, akaileta huku akiweka kidole pale yalipofikia, ili ijulikane.

Fundi yule ana kiburi kinachostahili. Mkebe aliuweka mbali na gari, kwenye ncha ya mpira, akamfukuza mvuta sigara mmoja kwa maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu mvuke wa petroli na cheche havina utani. Akatafuta chini ya boneti mpaka akaona kofia ndogo ya kijani ambayo magari ya Marekani huwekewa kwa kazi hii. Bomba la kupumulia akaliziba kwa kigunzi cha hindi. Kilichobaki ni upepo, na hapo ndipo pana ufundi, maana mfumo huu unataka nusu psi tu, wakati tairi linajazwa zaidi ya 30. Ukiupiga pampu ya kweli unapasua kilichokuwa kizima.

"Naomba mtoto," akasema.

Walikuwepo wengi. Akawapanga, akawapima kwa macho, akamkataa mnene wa jirani, akamchagua kabinti kembamba ka darasa la pili na kukaketisha juu ya tyubu. "Usiruke. Kaa tu, kama kanisani." Uzito wake ukasukuma hewa taratibu, hewa ikapita kwenye mkebe, moshi mweupe ukaingia garini. Wote tukakizingira kifuniko cha tanki, kwa kuwa kijana wa Kamanyola alikuwa bado ana imani.

Kwenye kifuniko, hakuna kitu. Dakika zikapita. Kabinti kakaanza kusinzia juu ya kazi. Ndipo fundi akalala chali, akafungua plastiki ya kuzuia matope ndani ya gurudumu la nyuma, akamulika. Kwenye shingo ya chuma inayoshusha petroli tankini, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua kitu, uzi mmoja wa moshi ulikuwa unapanda umenyooka. Akaugusa kwa ukucha. Kipande cha kutu kikabanduka na uzi ukawa kamba.

"Mwalimu, hili gari limetoka baharini?"

Nikamwonyesha kona ya kioo cha mbele, ambako kulikuwa na stika iliyofifia ya kubadilisha oili, ya Michigan. Huko theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani ili iyeyuke, na chumvi inarushwa na magurudumu, inajificha nyuma ya plastiki kama ile na kula chuma taratibu, majira baada ya majira. Na Detroit, mji uliowafundisha watu kuunda magari kwa wingi, umekaa juu ya mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 300 chini ya mitaa yake. Juu wanaunda, chini wanachimba cha kuyalia. Yule wa Kigali hakuwa amenidanganya. Vumbi, gari lile lilikuwa halijaliona.

Shingo nyingine, iliyotumika lakini safi, ilipatikana Kamembe. Ikafungwa na raba mpya. Mimi nikaweka sharti kwamba malipo ni baada ya gari kujipima lenyewe na kuridhika. Fundi akakubali, na usiku ule tukakaa uani: mimi, yeye, zamu, na mama mkwe aliyekuja na rozari kwa ajili ya akiba. Saa saba na dakika chache pampu ikaamka. Zamu akasogea karibu, kwa mara ya kwanza, akainama na kutega sikio. "Leo sauti imebadilika," akasema. "Leo linavuta kweli." Sidhani kama sikio la binadamu linaweza kujua hilo, lakini sikumkatalia, naye mama mkwe hakuwahi kufika fumbo la nne. Asubuhi kidude kikasoma kwamba mfumo umefaulu. Taa yenyewe ilijivuta siku kadhaa, kwani kompyuta haiamini mara moja, kisha ikazima.

Fundi akaja na karatasi. Kazi, sawa. Shingo, sawa. Raba, sawa. Mstari wa mwisho: moshi, faranga 2,000.

"Moshi?" nikasema. "Fundi, mafuta yalikuwa ya mwanangu."

"Mafuta yalikuwa yako," akasema bila kuinua macho kwenye karatasi. "Moshi ni wangu."

Nikamgeukia mke wangu anisaidie. Alikuwa ameshaleta ile chupa, kidole kikiwa pale mafuta yalipokuwa mwanzo, anamwonyesha fundi yalipofikia sasa. Wakazungumza wao wawili. Moshi ukashuka hadi 1,500.