Barua ya Papa Foto kutoka Uvira

Uvira, Kongo, 28 Oktoba 2024

Bi Mkubwa, Ami, na nyote wana baraza,

Huku sote wazima, na wakwe zangu wanakusalimuni sana. Ujumbe wa sauti wa Ami umefika, wote, na kikohozi chake ndani. Ulifika alfajiri, maana Ami hataki kukubali kwamba Uvira tuko nyuma yenu kwa saa moja. Anauliza: mpigapicha aliyehamia karibu na Ikweta, kando ya Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, kwa nini kila akipigiwa simu jibu lake ni "nasubiri"? Ami ameshawatangazia watu kwamba nimeacha kamera, nimekuwa mlinzi. Basi naandika. Kusubiri kwangu kuna sababu zake, na mkizijua huenda mkaniombea dua badala ya kunicheka.

Kwetu Forodhani, Unguja, jua linazama baharini hadharani, mbele ya watalii na wauza mishikaki, wala halimfichi mtu. Huku mji umebanwa kwenye ukanda mwembamba, ziwa mashariki, milima ya Mitumba magharibi. Jua linachomoza upande wa ziwa, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wateja wangu wote wakiwa bado kwenye shuka. Jioni, yapata saa kumi na moja, linaingia nyuma ya mlima. Kwa kalenda machweo bado, imebaki karibu saa nzima, lakini huku anayeamua ni mlima. Kivuli kinateremka mtaa kwa mtaa mpaka majini, na siku imekwisha. Wanaofaidi machweo yetu ni watu wa Bujumbura, ng'ambo ya ziwa. Wao wanakaa ufukweni kwao na soda mkononi, wanapiga picha jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, kisha wanazisambaza picha hizo na kuandika chini yake: "Burundi yetu."

Sasa fikirini harusi. Kila bibi harusi wa Uvira anataka ziwa nyuma yake. Asubuhi haiwezekani, kwa sababu jua lenyewe liko upande wa ziwa. Akisimama hapo uso unatoka mweusi ti, na mama yake atalipia picha ya mtu asiyemjua. Alasiri ndiyo yenyewe: jua limevuka utosi, linampiga usoni, na ziwa nyuma ni la buluu. Riziki yangu yote iko baina ya saa nane na saa kumi na moja. Na saa hizo bibi harusi yuko wapi? Yuko kanisani, mhubiri amesema "namalizia" na bado anamalizia. Au yuko saluni, umeme umekatika nusu ya kichwa. Msafara unashuka ufukweni kwa honi na vigelegele saa kumi na moja na kidogo, kivuli kimeshatangulia. Sisi tumo kizani, na ng'ambo vilima vya Burundi vinawaka dhahabu. Nikimpimia mwanga bibi harusi, Burundi yote inaungua kuwa nyeupe. Nikiipimia Burundi, bibi harusi anatoweka na maua yake.

"Papa Foto," ananiambia shangazi wa bibi harusi, maana huku ndilo jina langu, "weka flashi, tuko na haraka."

Flashi! Umeme wa hapa una siku zake, kwa hiyo betri nazichaji kwa paneli ya sola iliyo juu ya bati la mama mkwe. Hebu pigeni hesabu. Flashi naihitaji siku ya mawingu, na siku ya mawingu paneli haishibi. Yaani jua lisipokuja kazini, naibu wake naye haji, kwa kuwa mshahara wake unalipwa na bosi huyo huyo. Wala silii peke yangu. Wavuvi wengi wa ndagala, dagaa wa huku, wameacha karabai za mafuta ya taa, wanatumia taa za LED na betri. Jioni ya wingu tunapangana foleni kwa kijana mmoja mwenye jenereta, wao na mimi, kila mtu amekumbatia betri yake.

Mtasema, basi ngoja kiangazi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, mvua hakuna, lakini kwa hewa ilivyo upande wa pili hauonekani. Watu wanachoma majani milimani, vumbi linapanda kutoka bonde la Ruzizi, na Burundi inafutika kabisa. Ziwa linaungana na mbingu, na picha yoyote ya mandhari inatoka kijivu mtupu. Dawa ya ukungu ule ni mvua moja nzito. Ikishapita, hewa inaoshwa na unaona mpaka mabati ya Bujumbura. Siku moja mezani nikasema kwa sauti, Mungu atuletee mvua kubwa. Kijiko cha mama mkwe kikasimama njiani. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo na kuingia mjini. Makumi ya watu walikufa na nyumba zikaenda na maji. Hapa hakuna mtu anayeiomba mvua iwe kubwa, hata awe na kamera nzuri namna gani. Siku hizi naomba mvua ya wastani, kimoyomoyo.

Wala mimi si wa kwanza kutoka Unguja kuja huku kutafuta kuona na kunyimwa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka kwetu Juni 1857. Walipolifikia ziwa, Februari 1858, Speke macho yalikuwa yanamuuma vibaya. Katembea miezi bara zima, na alichokiona mbele yake ni ukungu na mng'ao. Aprili wakaja kwa mitumbwi mpaka hapa Uvira ili waujue mto Ruzizi, unaingia ziwani au unatoka. Wapiga makasia wakagoma kwenda mbele. Wakubwa wakarudi na habari za kusimuliwa tu, na mdomo wa mto uko karibu hivyo! Mpaka Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipofika wakauona unaingia. Kwa hiyo, mabibi harusi wangu wakichelewa nusu saa, nawasamehe.

Hata hivyo jua na mvua, angalau, haziniombi karatasi. Ofisi moja ilinipa kibali chenye mihuri ya kutosha. Kinaruhusu harusi, maua na ziwa. Hakiruhusu bandari, mpaka, daraja, wala mwenye bunduki. Basi tazameni ramani: kusini bandari ya Kalundu, kaskazini mpaka wa Kavimvira, katikati mito na madaraja yake, na wenye bunduki hawana makazi maalumu. Ziwa nililoruhusiwa ni kile kipande kinachobaki. Afisa akanisomea masharti yote kwa sauti nzito, akakunja karatasi, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Sasa unipige na miye. Na bendera ionekane."

Huyo angalau alisimama wima. Viboko je? Usiku wanapanda kula majani, na tangu ziwa lilipopanda miaka hii wanapita jirani kabisa na nyumba. Mchana, nikiwa na mwanga, wanatoa masikio na pua. Usiku, nikiwa sina mwanga, wanajitoa wazima wazima. Na mamba usimguse kabisa. Gustave mnamjua? Yule mamba wa delta ya Ruzizi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliyekuwa akiishi Burundi. Kuna filamu yake ya 2004. Faye na wenzake walijenga tundu la chuma la urefu wa karibu mita 9, uzito tani moja, wakatia na kamera ya kuonea gizani. Chambo za kila aina zikashindwa, mwishowe wakafunga mbuzi mzima. Usiku huo ikaja tufani, kamera ikazimika. Asubuhi tundu limezama nusu. Mbuzi hayupo, mamba hayupo, picha haipo. Tani nzima ya chuma na wataalamu wa kimataifa, wakashindwa na mawingu yale yale yanayonishinda mimi na paneli moja.

Sasa kisa cha mwezi huu. Mteja mmoja wa Ulaya anatengeneza kalenda. Akaniandikia kwamba anataka picha moja tu: mwezi mpevu ukichomoza juu ya Ziwa Tanganyika, na chini yake taa za wavuvi zimetapakaa majini. Tarehe kanichagulia mwenyewe, 17 Oktoba, kwa sababu mwezi mpevu wa siku hiyo ndio uliokuwa karibu zaidi na dunia kwa mwaka huu. Malipo mazuri. Nikaenda Kalundu kumwona mzee mmoja mvuvi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka akashika ubavu wa mtumbwi.

"Papa Foto, mwezi ikiwa mukubwa, taa yetu ni ya nini? Ndagala haziifate. Siku ile tunashona nyavu, tunalala kwetu."

Ninyi mnaotazama mwezi kila mwaka kwa ajili ya funga mngemjulisha mteja mapema: 17 Oktoba ilikuwa 13 au 14 Mfungo Saba. Ile kalenda ya Kiislamu aliyoitundika Ami ukutani, huku ni kalenda ya bei ya samaki. Mwezi ukiandama usiku ni kiza, taa inavuta ndagala kutoka kilindini, na sokoni fungu linashuka bei. Zikija zile siku nyeupe, 13, 14 na 15, ziwa lote linang'aa, ndagala wanatawanyika, mitumbwi inalala mchangani, na nyumbani tunakula sombe kavu, kisamvu cha huku. Usiku wangu mzuri ndio usiku wao wa njaa. Mwanga ninaouomba mimi kwa dua, kuna mtu hapa anauombea uondoke.

Nikajaribu fedha. Nikamwomba mzee watoke watu wachache tarehe 17, wawashe taa bila kuvua, niwalipe. Akanitajia petroli, chai, mikate, betri, na hasara ya ndagala watakaowakosa.

"Lakini mzee, si umesema hakuna ndagala?"

"Hakuna. Lakini tukiingia ziwani, bibi atauliza samaki iko wapi. Utakuja kumujibu weye?"

Sikwenda kumjibu. Tarehe 17 mwezi ulikuja, mwekundu na mpana, juu ya vilima vya Burundi, na chini yake maji matupu, bila taa hata moja. Nikaupiga. Mteja akajibu: wavuvi wako wapi? Nikamjibu: wamelala.

Mzee ndiye aliyenihurumia. Baada ya mwezi kujaa, akasema, kila usiku unachelewa kuchomoza karibu saa nzima. Siku tatu nne zikipita kunakuwa na kiza cha kutosha mwanzo wa usiku, na wenye njaa wanatoka kukitumia kabla mwezi haujawakuta. "Taa utapata, na mwezi utapata. Lakini utakubali mwezi yenye kumegwa."

Basi usiku wa tarehe 21 nilipanda kwa shemeji aliyejenga mlimani, kwani mtumbwini picha ya gizani haipigiki, kila kitu kinacheza, na ufukweni kuna viboko. Niliweka stendi kwenye ukuta ambao haujaisha kujengwa. Taa zikatoka moja moja, kisha zikajaa. Baada ya saa nne mwezi ukachungulia kaskazini-mashariki, pembeni umeliwa robo. Kwa dakika chache vyote vilikuwepo pamoja: mwezi, taa, hewa iliyooshwa, betri yenye chaji. Hata mbwa wa shemeji alitulia, na sijui ni nani aliyemwambia.

Mteja amefurahi mno. Anauliza tu kama mwezi unaweza kujazwa kidogo ile sehemu iliyopungua. Nimemwambia unajaa wenyewe tarehe 15 Novemba, bila malipo ya ziada, ila taa siziahidi. Kuna kijana wa hapa mwenye simu anasema atamjazia kwa programu kwa dola tano. Nimewakutanisha.

Mimi nimejifunza namna ya kuandika daftari la kazi. Anayetaka picha za ziwani usiku namwandika kwa tarehe za mfungo. Anayetaka harusi namwambia saa saba, nikijua atafika saa tisa. Anayetaka Burundi ionekane nyuma namwambia aoe baada ya mvua ya wastani. Mambo yakikataa, natoza nauli.

Bi Mkubwa, najua umesoma mpaka hapa ukitafuta jambo moja tu: picha ya mjukuu wako. Wallahi nimejaribu. Akiwa macho, hatulii. Akitulia, amelala, na mama yake hataki apigwe amelala. Flashi ikiwaka analia, na akilia bibi yake wa huku ananinyang'anya mtoto na kamera kwa pamoja. Mpaka sasa nimepata picha moja safi, yenye mkono wake wa kushoto na nusu ya sikio. Naituma pamoja na barua hii. Itazame vizuri sikio lile, Bi Mkubwa, halafu mwambie Ami aache kusema mtoto kafanana na upande wa mama.

Wenu, Papa Foto