Marehemu Asiyezikika

Hip-hop ina waombolezaji wengi kuliko wasikilizaji. Mwaka 2006 rapa Nas wa Marekani alitoa albamu nzima akitangaza kwamba imekufa, kisha akarudi studio kana kwamba hakusema neno. Mwaka 2021 maiti hiyohiyo ikampa Grammy yake ya kwanza. Katikati hapo, 2018, ilimpa rapa Kendrick Lamar tuzo ya Pulitzer, ambayo kwa muziki ilikuwa imezoea watu wa klasiki na jazi. Maiti gani hii isiyotulia?

Bongo nako matanga hayaishi. Kaka zetu wa miaka ya tisini (shikamooni) wanaapa kwamba vijana wameiua kwa kuimbaimba, kunakili Wamarekani na kukosa ujumbe. Kunakili? Saleh Jabir alianza kwa kumwaga Kiswahili juu ya mdundo wa Mmarekani Vanilla Ice, na leo tunamwita mwasisi wa hip-hop ya Bongo. Wazee wa dansi wakati ule waliuita muziki huo uhuni, nanyi mkawacheka.

Basi, kaka, kabla hujachangisha rambirambi nyingine, sikiliza japo wimbo mmoja uliotoka mwaka huu. Hadi mwisho.