Mama Mdogo na Kiwango cha Punguzo

Ukisema nyumbani unasoma udaktari, watu wanakuonyesha vidonda. Ukisema sheria, wanakuletea hati ya kiwanja chenye mgogoro. Ukisema unasoma usimamizi wa fedha za kampuni, wanadhani unazo. Tangu niingie chuo hakuna harusi wala kipaimara cha ukoo wetu kilichopita bila jina langu kukaa juu kabisa kwenye orodha ya michango, na mbele yake pameandikwa "mhasibu", ingawa wahasibu ni darasa la jirani na sisi na wao hatusalimiani vizuri.

Ukweli ni kwamba muundo wangu wa mtaji ni deni tupu. Ada ni mkopo, chakula ni mkopo, na siku nitakayoajiriwa mwajiri atanikata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, bweni zima linanukia chipsi kuku. Baada ya wiki tunarudi kwenye wali maharage, kisha zinafuata pasi ndefu: chai saa nne, ugali jioni, na hapo katikati tunajadili mada ya ukwasi. Mada hiyo tunaielewa wote, hata wasioingia darasani.

Katika hali hiyo ndipo unapokutana na Modigliani na Miller. Mwaka 1958 mabwana hawa walionyesha kwamba thamani ya kampuni haibadiliki eti kwa sababu imekopa au imeuza hisa, mradi tu pasiwe na kodi, kufilisika kusiwe na gharama, na kila mtu ajue anachokijua mwenzake. Wote wawili walikuja kupata Nobel, mmoja 1985 na mwingine 1990, na mimi sina ugomvi na hilo. Ila sijawahi kupanga chumba na mtu wa dunia hiyo. Mwenzangu wa kitanda cha juu, bumu lake likitangulia kuingia, huliarifu tumbo lake peke yake. Hula nje ya geti, hujifuta midomo vizuri, halafu hurudi na kuniuliza kwa unyonge kama nina hata kiazi.

Miller alipenda kuieleza nadharia yao kwa kichekesho cha pizza: ikate vipande vinne au vinane, pizza ni ileile. Mhadhiri wetu, akijua pizza wengi wetu tunaiona kwenye mabango tu, akaigeuza chapati. Alikuwa bado anakata hewani kwa mkono wake wa kulia, sauti ya nyuma ikauliza: "Mwalimu, na huyo anayekata halambi vidole?" Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Aliandika ubaoni "Jensen na Meckling, 1976", akasema hao ndio wa wiki ijayo. Na kweli, makala yao imejengwa juu ya huyo mlamba vidole: meneja aliyeshikishwa mali ya wenzake, na gharama ya kumchunga. Kundi letu lilipata mfano hai kabla hata ya wiki hiyo kufika. Tulichanga hela ya kuchapisha kazi ya pamoja tukamkabidhi mwenzetu mmoja, na kazi ilipotoka steshenari ilikuwa haina kurasa mbili za hesabu. Hela, alisema, haikutosha. Mdomoni alikuwa na alama nyekundu ya soda.

Halafu kuna beta, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba soko zima linapoyumba. Tulitumwa kukokotoa beta za kampuni za hapa nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, na naamini hiyo ndiyo siku pekee ambayo swali letu lingekuwa rahisi, kwa kuwa hisa ndiyo soko na soko ndilo hisa. Siku hizi kampuni zimeongezeka, lakini mimi niliangukia hisa ambayo bei yake ilikuwa haijatikisika kwa muda mrefu. Si kwamba ilikuwa imara; hakuna aliyekuwa akiinunua wala kuiuza. Fomula ikanijibu kwamba ni salama kabisa, haina hatari hata chembe. Nikaandika hivyohivyo, nikapewa alama zote. Mpaka leo naona alama hizo hazikuwa halali.

Lakini mtihani wenyewe ulinikuta Tandika, kwa mama mdogo. Yeye huuza samaki wa kukaanga, na kila alfajiri isipokuwa Jumapili huwahi mnadani Feri. Aliniita akasema anataka kununua pikipiki ampe kijana kwa mkataba. Bei shilingi milioni 2.7, kijana alete hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, mwaka ukiisha, pikipiki iwe yake.

"Si ndiyo masomo yako? Nipigie."

Nikafungua kompyuta, nikaisogeza mbali na karai la mafuta, nikamweleza kwamba elfu kumi ya mwakani hailingani na elfu kumi ya leo, kwa hiyo kila rejesho lazima tulipunguze kwanza ndipo tujumlishe. Nikatumia riba ya mkopo wa benki, asilimia 18 kwa mwaka. Thamani halisi ya sasa ikatoka karibu shilingi 171,000.

"Faida ipo, mama mdogo. Nunua."

"Hiyo 18 umeitoa wapi?"

"Benki."

"Mimi benki nina nini?"

Hana kitu. Hela yake iko kwenye kikoba, na huko wanakopeshana kwa asilimia 5 kwa mwezi. Mhadhiri hutumia kipindi kizima kufika hapo alipofika mama mdogo akiwa ameshika upawa: kiwango cha punguzo ni kile ambacho hela yako ingekipata mahali pengine, si kile kilichoandikwa kwenye tangazo la mtu. Nikarudia. Asilimia 5 kwa mwezi ukiilimbikiza inakaribia 80 kwa mwaka, na mradi ukageuka hasara ya zaidi ya shilingi 350,000.

"Basi, usinunue."

Akawageuza samaki upande wa pili. "Na nauli ya Feri?"

Kumbe kila alfajiri humlipa bodaboda shilingi 3,000, na katika mkataba wake kijana atampeleka bure. Mtihani wa chuo huja na taarifa zote zimepangwa kwenye jedwali. Mama mdogo alizitoa zake kadiri samaki walivyoiva. Nikaongeza 18,000 kwa wiki, na kwa riba ileile ya kikoba ile hasara ikawa faida, nayo zaidi ya 350,000.

Hakufurahi wala hakushtuka. Aliuliza, "Hela yangu inarudi lini?"

Swali hili darasani tumefundishwa kulidharau. Halijali thamani ya wakati, wala halitazami kinachokuja baada ya mtaji kurudi. Lakini mwaka 2001 Graham na Harvey walichapisha majibu ya wakuu wa fedha 392 wa Marekani na Kanada, na zaidi ya nusu walisema huuliza swali hilohilo kila mara au karibu kila mara. Nikamjibu: wiki ya 35.

"Umeweka na mvua?"

"Nimeacha nafasi kidogo ya hatari."

"Si hatari hiyo. Ni Aprili."

Alinunua. Masika yalipokolea, hesabu ikakatika siku tatu mfululizo, na simu ya kijana ikawa haipatikani. Mimi nilikuwa tayari na sura ya kitabu inayohusu wadaiwa wasiolipa. Mama mdogo hakupandisha hata sauti. Jumapili, kabla kikao cha kikoba hakijafunguliwa, mama mmoja alimvuta pembeni akafungua fundo la khanga na kumhesabia 30,000. Alikuwa mama mkwe wa kijana. Kumbe kabla ya kutoa pikipiki mama mdogo alikwenda kwa huyo mama kunywa chai, wakazungumza ndoa na watoto, na yeye ndiye aliyesaini kama mdhamini.

Nimejaribu kuitafutia chai hiyo mahali kwenye fomula. Chini ya mstari haikai, juu ya mstari haikai.

Siku hizi nina ajira kwa mama mdogo: kila nikienda Tandika naandika hesabu kwenye daftari la kaunta. Safu ni nne: tarehe, kiasi, Feri, mvua. Malipo yangu ni nauli na kipande cha changu. Habari zimemfikia mjomba wa Mbagala, naye amenipigia kuhusu mradi wa bwawa la kambale, samaki ambao anasema hawafi. Tayari amempata kijana wa kulisimamia.

Nimemuuliza huyo kijana ameoa kwa nani.