Gari la Mnyonge, Kwaheri ya Tajiri

Msyuu! Ati gari la kuagana! Sogea kivulini, ndugu yangu, lori la chumvi lipite na vumbi lake, nikueleze.

Mwaka 2003 Volkswagen walipoamua kulistaafisha lile gari lao la mgongo wa kobe, kiwanda chao cha Puebla, Mexico, kilitoa toleo la mwisho: magari 3,000 tu, ya buluu au krimu, tairi zina mduara mweupe, bampa za kromu zinameremeta. Tarehe 30 Julai likatoka la mwisho kabisa, la 21,529,464 tangu yaanze kuundwa. Likapigiwa mariachi, kisha moja kwa moja hadi makumbusho ya Wolfsburg, Ujerumani. Gari limezaliwa, kazi yake kutazamwa!

Sasa huo si uchuro? Gari hili liliundwa ili mtu wa mshahara mdogo naye apande. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, mambo ya rejeta halijui. Hapa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ambako maji ya kisima yenyewe yana chumvi, gari lisilohitaji maji ni rehema. Na vumbi letu lilishalizoea: mashindano ya magari ya Safari lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, wala hakuna aliyeuliza kromu iko wapi.

"Lakini mzee, si ni heshima hiyo?"

Heshima gani? Hebu inua kiti cha nyuma cha Volkswagen kuukuu, uone betri inapokaa. Asidi inadondoka kwa juu, upepo wa mashamba ya chumvi unalamba kwa chini. Bonyeza bati kwa kidole: kidole kinapita, unaona barabara. Mwenye gari anahangaika, Malindi hadi Mombasa, kutafuta kebo ya klachi, anajibiwa, "Hiyo haitoki tena, mzee." Hiyo ndiyo kwaheri yetu sisi, na mariachi hawaji.

Lilipokuwa rahisi, wenye nazo walilicheka. Lilipoadimika, wakalifungia gereji, wakaliita urithi. Nyoo!

Mimi nasema hivi: anayetaka kulienzi gari la mwananchi, kromu abaki nayo, atuachie spea za bei ya kununulika. Nawe mwenye lako, ukitoka huko chumvini, lioshe chini kwa maji matamu, likikauka lipake oili chafu. Usiposhika lako, kutu haikungojei.