Sifa za Mjumbe wa Nyumba Kumi

Wasomi wanaotafuta siri ya CCM kudumu madarakani hutazama juu: Katiba, Tume ya Uchaguzi, ruzuku, vyombo vya dola. Wangeshuka Mbagala au Tandale wangemkuta mwenye siri amekaa barazani, kandambili miguuni, daftari kwapani. Mjumbe wa nyumba kumi hana mshahara, hana ofisi, hana king'ora, naye ndiye nguzo ya dola. TANU ilimsimika miaka ya 1960. Vyama vingi viliporudi 1992, alivuliwa kazi ya serikali akaachiwa ya chama, jambo ambalo, kwa hekima yake, hakulitilia maanani sana. Wala majirani zake hawakulitilia. Mpangaji mgeni bado huripoti kwake, mke na mume waliozozana husuluhishwa kwake, polisi wakija kupekua nyumba humwita yeye kwanza, na msibani ndiye ajuaye nani hajatoa rambirambi. Chama gani cha upinzani kina mtu anayejua deni lako la dukani?

Mtabisha kwamba Temeke ilimchagua Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi mwaka 1996, na kwamba 2015 Temeke na Kinondoni zote zilikwenda CUF. Ni kweli, tena mjumbe alikuwapo mara zote mbili. Lakini Maulid Mtulia wa Kinondoni alihamia CCM Desemba 2017, na Abdallah Mtolea wa Temeke akafuata Novemba 2018. Wabunge walihama, mjumbe hakuhama. Upinzani hulitwaa jimbo wakati wa kampeni, kisha unakosa wa kukaa nalo miaka 5.

Wengine watasema ushindi huletwa na kuengua wagombea. Hapo nasikitika kwa niaba ya mzee wetu. Asilimia 58 za Magufuli mwaka 2015 zilinuka jasho la mjumbe. Miaka 4 baadaye, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wapinzani zilikataliwa kwa wingi, Chadema wakajitoa, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Dharau gani hii! Kalamu ya msimamizi msaidizi, isiyomjua mpangaji hata mmoja, imemaliza kazi aliyoihangaikia nusu karne. Na sasa, hata akizihesabu nyumba zake moja moja, hawezi tena kuwaambia wakubwa ni ngapi kati ya hizo kumi zinakipenda chama.