Nyani wa Mikumi Adai Sindano

Kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa, inayoipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50, Nyani mzee alikuwa akimenya ndizi iliyotupwa kutoka dirisha la basi. Mbwa wa Kilosa, aliyeingia hifadhini bila kibali, akampa shikamoo.

NYANI: Marahaba, mjukuu wangu. Hivi unajua tunaonewa? Julai 2021 kampuni ya Zoetis ya Marekani ilitangaza kugawa bure dozi zaidi ya 11,000 za chanjo ya korona kwa bustani za wanyama karibu 70. Chui milia wa Oakland akachanjwa, na dubu pia. Mwezi huohuo, tarehe 24, ndipo Tanzania ikapokea shehena yake ya kwanza ya chanjo kwa ajili ya watu. Chui milia na bibi wa Kilosa foleni moja! Na mimi je? Mlango ambao kirusi hicho huingilia mwilini mwa binadamu, kwetu nyani unafanana na wake mno. Naidai sindano yangu.

MBWA: Babu, usimsingizie chui milia. Dozi zile zilitengenezwa kwa ajili ya wanyama, wala hazikuidhinishwa kwa watu; bibi hakunyang'anywa kitu. Aliyemchelewesha tusimtafute bustanini. Tena hofu ya wenye bustani ilikuwa ya haki: Aprili 2020 Nadia, chui milia wa bustani ya Bronx, alithibitika kuwa na korona, na ikadhaniwa kaipata kwa mhudumu. Novemba 2021 chui wa theluji watatu wa Lincoln, Nebraska, walikufa baada ya kuugua. Ila ndani ya uzio wanyama wanahesabika, na mnyama hufundishwa kusogeza bega achomwe ili apewe nyama. Wewe utamsogezea nani bega? Mikumi ni kilometa za mraba 3,230. Kukuchanja wewe ni kukupiga kwanza dawa ya usingizi, ambayo yenyewe ina hatari zake, kisha kukusaka tena kwa dozi ya pili. Na mwakani kuna watoto wapya.

NYANI: Kumbe nife kwa kuwa sikamatiki?

MBWA: Kinga yako inaanzia kwa wengine, babu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na vidole vikaelekezwa kwetu, mbwa wa vijijini. Tukachanjwa sisi, si simba. Najua utanikumbusha kwamba utafiti wa baadaye ulionyesha kuchanja mbwa peke yake hakukutosha kuwakinga simba na distempa. Ni kweli, sibishi. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyotolewa kwa mbwa haohao, imepunguza kichaa kwa mbwa na kwa watu wanaoumwa nao. Korona nayo inaweza kukujia kutoka kwa watu. Itakufikia pamoja na ndizi. Katika hifadhi za Gombe na Bwindi, wageni hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe. Wewe unalishwa dirishani, na kulisha wanyama hifadhini ni marufuku.

NYANI: Sasa niache ndizi?

MBWA: Wewe ni nyani, utaokota tu. Ninaowasema ni wanaotupa. Abiria wa Mikumi, fungeni madirisha, ndizi mle wenyewe. Nanyi wenye mbwa Kilosa, siku mtaalamu wa mifugo akitangaza chanjo, tuleteni.