Misingi ya Parafujolojia Tumizi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa

Mwanafunzi, kaa vizuri. Taaluma tunayoingia leo huchunguza namna binadamu anavyochagua skrubu na pini mbadala za baiskeli yake. Wapo wanaodhani ulimwengu umeshikiliwa na sheria, dini au bei ya korosho. Hao hawajawahi kuchomokewa na pedeli katikati ya njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa, gunia likiwa nyuma.

1. Fasili. Pengo ni hali ya tundu kukosa mwenyewe. Tundu hukusudiwa na kiwanda. Pengo hukusudiwa na barabara. Anayechanganya haya mawili arudie mwaka.

2. Tanzu za mbadala. (a) Stahiki: imetoka duka la spea, kipimo kilekile. (b) Kaimu: imetoka kwenye kopo la fundi, na kwa mbali hufanana na stahiki. Kaimu nayo ni ya aina mbili: inayoshika na inayokaa tu. Zote hukaa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, jambo ambalo wataalamu wa utumishi wa umma nao wanalifahamu. (c) Msumari uliopindwa. Sitaujadili mbele ya vijana.

3. Pini ya mkono wa pedeli. Hapa, mwanafunzi, vua kofia. Pini hii ni kabari ya duara iliyochongwa ubavu mmoja. Ile ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 3/8, yaani milimita 9.5, zipo pia za milimita 9. Tofauti yao ni nusu milimita, na ndani ya nusu milimita hiyo hukaa ule mlio wa “kwa, kwa” unaomfuata mwendeshaji mpaka nyumbani. Tambua tena kwamba nati yake haivuti pini. Huizuia tu isirudi. Kinachoipeleka ndani ni nyundo. Mikono ya pedeli ni miwili, na pini zake hutazamana kinyume. Ukizielekeza upande mmoja, mikono haitanyooka, na mguu mmoja utatangulia mwenzake kifalsafa. Nayo pedeli ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha kinyume. Hili ni wahyi wa kiufundi, likubali.

4. Asili ya fujo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi za pembe ya digrii 55. Wamarekani wakashika 60, na mfumo wa milimita nao una 60. Kisha ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ukafika Nachingwea, ukafutwa 1951. Miongoni mwa trekta zake zilikuwamo Shervick: vifaru vya Sherman vya Marekani vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers ya Uingereza. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache. Wanahistoria huhuzunikia fedha. Mimi, peke yangu, nahuzunikia zile digrii tano.

5. Jaribio la kidole. Ingiza skrubu kwa vidole, bila bisibisi wala spana. Ikizunguka raundi mbili tatu kwa hiari yake, ni ya hapo. Ikigoma mapema, usiishurutishe: utakula hesi, na tundu lililoliwa hesi hupanda daraja kuwa pengo la kudumu (rejea fasili).

Mtihani ni Jumamosi, kwa fundi. Usiende duka la spea na maelezo ya mdomo wala vipimo vya kuonyesha kwa vidole. Nenda na pini kuukuu mfukoni.